Baga ya Kiembe Samaki na nyama iliyokataa kushikana

Mwaka 1867 mwanamke mmoja kutoka Mtoni, Unguja, aliteremka Hamburg akiwa na jina jipya, dini mpya na mume aliyefunga naye ndoa Aden muda mfupi kabla. Kwao alikuwa Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said bin Sultan. Huko alikokwenda alikuwa Bibi Emily Ruete. Wapenzi wa vitabu wanamjua kwa kumbukumbu zake zilizochapwa Berlin mwaka 1886, na asiyekisoma kitabu huenda amekisikia kile kisa cha msichana aliyejifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mie nimemleta hapa kwa sababu nyingine, ndogo na ya jikoni: ndiye Mzanzibari wa mwanzo ninayemjua aliyelazimika kuendesha nyumba katika mji ambao jina lake limekuja kubandikwa kwenye baga.

Na mji wenyewe haukuwa wa kusikia tu kwa Waunguja wa wakati ule. Kampuni ya O'Swald ilifungua ofisi hapa mwaka 1849, Hansing wakafuata, na mwaka 1859 miji ya Hansa, Hamburg ikiwemo, ikaandikiana mkataba na Zanzibar. Rudolph Heinrich Ruete, mume wa Salme, alikuwa Unguja kwa kazi ya Hansing. Biashara moja iliyowatajirisha Wahamburg hawa ilikuwa kauri, yale makombe madogo yanayookotwa katika pwani zetu. Waliyapakia melini wakayapeleka Afrika Magharibi, ambako yalikuwa fedha kamili. Wamarekani walitangulia. Mkataba wao na Seyyid Said ni wa mwaka 1833, na konseli wao wa kwanza hapa, Richard Waters wa Salem, Massachusetts, alifika mwaka 1837. Walileta kitambaa cha pamba ambacho bibi zetu wamekiita merikani siku zote, wakaondoka na pembe za ndovu, sandarusi, karafuu na ngozi za ng'ombe.

Hizo ngozi ndizo zinazonivutia. Makarani wa Salem walizihesabu, maana zilikuwa mali. Nyama iliyokuwa ndani ya ngozi ililiwa huku huku bara na pwani, na hakuna aliyeiandika kwenye daftari. Historia ya chakula imejaa mashimo ya namna hii: kinachovuka bahari kinaandikwa, kinacholiwa nyumbani kinapotea, na kilichoharibika jikoni ndo kabisa, hata wenyewe hawataki kikumbukwe. Wapi utakuta kitabu cha mapishi kinachokueleza pilau iliyoungua ya mwaka fulani?

Basi Hamburg na Marekani, wazazi wawili wa baga, walikuwa wateja wa bandari yetu kabla mtoto hajazaliwa. Ujerumani ya karne ya 19 ilimwaga watu wake Marekani kwa maelfu na maelfu, wengi wakipandia meli Hamburg. Kampuni kubwa ya meli ya mji huo, ile ya Hamburg na Amerika, ilianzishwa mwaka 1847. Katika mikahawa ya Marekani ikaja kuonekana nyama ya ng'ombe ya kusaga, imebonyezwa na kukaangwa, inaitwa steki ya Hamburg. Ililiwa kwa uma na kisu. Nani aliyeitia ndani ya mkate ni ugomvi wa miji: Seymour ya Wisconsin inadai ni kijana wao kwenye maonesho ya mwaka 1885, mji mdogo wa Hamburg ulioko jimbo la New York nao unadai mwaka huo huo, na New Haven inadai ni Louis Lassen mwaka 1900. Mie sina upande. Ukishakuwa na nyama bapa na mkate, na mteja amesimama ana haraka, hilo jambo linaweza kuzuliwa mara kumi na watu kumi.

Lililo kubwa zaidi ni kuwa Wamarekani wenyewe waliiogopa nyama ya kusaga. Mwaka 1906 Upton Sinclair alichapisha riwaya yake *The Jungle*, juu ya wafanyakazi wahamiaji katika machinjio ya Chicago. Alitaka watu wawaonee huruma wafanyakazi. Watu wakaishia kuogopa nyama, na mwaka huo huo Bunge lao likapitisha sheria ya ukaguzi. Ilipofika mwaka 1921, wakati White Castle inafungua duka lake la kwanza Wichita, Kansas, na kuuza baga kwa senti 5, ilibidi duka lipakwe rangi nyeupe na hata jina liwe na weupe ndani yake, ili mteja asadiki kuwa ni safi. Mama yangu hajapata kusikia habari za Sinclair, lakini bucha hamwezi mtu kumuuzia nyama iliyokwishasagwa. Lazima achague kipande, akione kinaingia kwenye mashine, na asimame pale pale mpaka kitoke upande wa pili.

Jina nalo lina kisa chake. Hamburger maana yake ni kitu au mtu wa Hamburg, basi. Lakini sikio la Kiingereza lilisikia "ham", yaani nyama ya nguruwe, likakata neno mahali pasipo kiungo, na kipande kilichobaki, "burger", kikaanza maisha yake: baga ya jibini, baga ya kuku, baga ya samaki. Wasomi wa lugha hulicheka kosa hili. Sisi tusicheke sana. Kitabu kwa Kiarabu ni neno moja lisilo na kiambishi, sisi tukaisikia ki- ya mwanzo kama ki- yetu, tukapata vitabu. Kipilefti, kile cha katikati ya barabara, kimezaliwa kwa maneno ya Kiingereza ya kumwambia dereva ashike kushoto, na leo vipilefti viko kila mji. Lugha zote zinakata nyama mahali zinapopajua zenyewe. Kwa Waislamu wa pwani, hata hivyo, kile kipande "ham" hakikuwa mzaha. Wako wazee mpaka leo ukiwaambia hambaga wanakutazama kwanza usoni. Neno fupi, baga, limetuokoa.

Sasa twende Kiembe Samaki. Asiyepajua: ni upande wa kusini wa mji, njia ya uwanja wa ndege, na wageni wote wanaokuja Unguja kwa ndege wanapita kwetu dakika chache baada ya kutua, wakielekea Mji Mkongwe au Nungwi au Paje. Wanatupita tu. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alifanya kazi miaka mitatu jikoni katika hoteli moja ya pwani ya kaskazini. Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya laki tano. Mwaka 2020 maradhi ya korona yakafunga anga, na hesabu ya mwaka mzima ikashuka chini ya nusu. Hoteli ikawarudisha vijana majumbani. Yeye akarudi Kiembe Samaki na begi moja, na fikra kuwa atauza baga jioni barazani, maana baga ndicho kitu alichokipika kuliko vyote. Kwa hesabu yake mwenyewe, amezigeuza maelfu.

Akanunua kilo mbili za steki kwa akiba yake. Nataka msomaji akipime kiasi hicho: katika nyumba isiyokuwa na mshahara ule mwezi, kilo mbili za steki si majaribio, ni mtaji.

Alichokuwa hajakijua, na hata hakujua kama hakijui, ni kuwa hotelini baga hazikupikwa. Zilikuja kwenye maboksi, zimegandishwa, bapa na sawasawa kama visahani. Kazi yake ilikuwa kuzitoa, kuziweka kwenye chuma, kuzigeuza, kuzitia mkateni. Miaka mitatu alikuwa na baga mkononi na hajapata kuigusa ikiwa nyama mbichi iliyolegea. Kwa mwanahistoria hili ni jambo la kusimama nalo. Tumezoea kusema utalii umeleta ujuzi. Umeleta, sikatai; lakini ujuzi mwingine unabaki kiwandani mbali huko, unasafiri umefungwa ndani ya boksi, na anayelifungua boksi hapewi.

Kwa kuwa anajua nyama yetu ni ngumu, akafanya kile ambacho kila nyumba ya pwani inafanya kwa mishkaki. Akakuna papai bichi, akalichanganya na nyama ya kusaga pamoja na thomu, tangawizi na chumvi, akaitia frijini mpaka asubuhi. Mama yangu alimwona, akamuuliza.

"Mke mwenzangu, kababu hizo umezitia papai za nini?"

"Bibi, hizi si kababu. Hizi baga. Hazitiwi mkate ndani."

"Hazitiwi mkate ndani, mkatie nje. Mkate si ule ule?"

Asubuhi ilikuwa uji. Sisemi kwa kutia chumvi: alipoinua kijiko, nyama ilimwagika. Papai bichi lina kimeng'enya kinachoitwa papaini, na kazi yake ni kukatakata protini. Kwenye mshikaki wenye vipande vya mraba, kinafika juu juu tu, na mtu hukipa saa moja au mbili. Nyama ya kusaga haina juu wala ndani, yote ni juu. Ukikipa usiku kucha, hakuna kilichobaki cha kushikana. Ile kilo ya kwanza ilikwenda hivyo.

Kilo ya pili akaikanda bila ya papai, akaikanda kweli kweli, kama unga wa chapati, na chumvi ndani, ndimu na vitunguu. Safari hii ilishikana mno. Kwenye chuma zikajikunja, zikavimba katikati, zikatoka ndogo, ngumu kama mpira, na skonzi juu yake likakaa kama kofia ya mtu mwingine. Sababu mbili. Kwanza, chumvi ikikandwa na nyama inayeyusha protini fulani za msuli na kuzifanya gundi; hiyo ndiyo siri ya soseji, na ndiyo siri ya kababu nzuri. Mpika baga anaikimbia gundi hiyo: anaigusa nyama kidogo tu na chumvi anaipiga juu, dakika ya mwisho. Pili ni mafuta. Baga ya Kimarekani kwa kawaida huwa na mafuta kama asilimia 20. Ng'ombe wetu ni wa nundu, anatembea kutafuta majani, na nyama yake ya steki haina mafuta ya kutosha hata kuupaka uso wa chuma.

Kwa hiyo palikuwa na ujuzi miwili iliyopigana katika bakuli moja. Mikono ya binti yule ilikuwa inajua kababu, kwa kurithi. Kichwa chake kilikuwa kinaijua baga, kwa kazi. Kila alipoacha kufikiri, mikono ilirudi kwao. Na mikono hiyo haikuwa mijinga. Ilikuwa imefundishwa na karne kadhaa za kuichukua nyama kidogo, ngumu, na kuifanya itoshe watu wengi.

Tazama vyakula vyetu vya nyama ya kusaga, utaona vyote vinafanya kazi hiyo moja. Sambusa inaificha nyama kidogo ndani ya manda. Katlesi, ambayo jina lake ni la Kiingereza lililopita Bara Hindi kabla ya kufika kwetu, inaifunga ndani ya mbatata, kisha yai, kisha mafuta. Kababu inatiwa boflo lililorowekwa na kukamuliwa, yai, kotmiri, pilipili, na ratli moja ya nyama inatoa sahani iliyojaa. Mantabali, ambayo kwa asili ni ile mutabbaq ya Waarabu, maana yake iliyokunjwa, inaitandaza nyama ndani ya unga mwembamba kama karatasi pamoja na mayai. Hakuna hata kimoja kinachoiacha nyama peke yake. Baga pekee ndiyo yenye kiburi cha kusema: mie ni nyama tupu, mkate ni nguo yangu tu. Kiburi hicho kinataka malisho mapana, ng'ombe wanaononeshwa kwa mahindi, reli na barafu. Marekani ya mwisho wa karne ya 19 ilikuwa na vyote hivyo. Unguja haijapata kuwa navyo.

Na kuna wakati haikuwa na hata unga wa ngano. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ya Mzee Karume ilibana uingizaji wa mchele, unga na sukari kutoka nje, kwa hoja kuwa watu wajitegemee na wale wanachokilima. Fedha za karafuu zilikuwepo. Chakula madukani ndicho kilichokuwa cha kupangia foleni. Mama alikuwa msichana. Anasema nyumbani kwao kababu hazikukoma, zilibadilika: boflo likatoka, ukaingia muhogo wa kuchemsha na kupondwa, na nyama ikapungua mpaka ikawa, kwa maneno yake, "ya kunusa". Sijui mwanahistoria gani wa siasa aliyeuandika muhogo ule. Vitabu vya zama hizo vinatueleza Mapinduzi ya 1964, Muungano, na kuuawa kwa Karume tarehe 7 Aprili 1972, na ni haki yake. Lakini ukitaka kujua sera ya uchumi iliingiaje mdomoni mwa mtoto, uliza ndani ya kababu mlikuwa na nini. Biashara ilipolegezwa tena wakati wa Mzee Mwinyi, mwaka 1984 na kuendelea, boflo likarudi. Mama anatia boflo mpaka leo hata akiwa na nyama ya kutosha. Mjukuu wake anadhani ni ladha tu.

Hapa nitoke nje kidogo, maana kuna hoja huwa inanichosha. Watu husema baga si chakula chetu, ni cha Wamarekani, tuache. Haya. Papai ni la Marekani ya joto. Muhogo vile vile. Mbatata, tungule, mahindi, nanasi, na pilipili, hiyo pilipili tunayoapa kuwa bila yake urojo si urojo, vyote vimevuka bahari ya Atlantiki baada ya safari za Wareno na Wahispania za karne ya 15 na 16. Ukiyatoa ya Marekani kwenye meza ya Unguja, na neno meza lenyewe ukawarudishia Wareno, utabaki umekaa chini na wali wako wa nazi. Ambao nao mpunga wake ulikuja kutoka Mashariki. Swali la chakula hiki ni cha nani lina jibu moja la maana: cha nani aliyejifunza kukipika vizuri, na amekifanya nini.

Forodhani imelijibu swali hilo kwa njia ya kuchekesha. Bustani ile ilitengenezwa miaka ya 1930 kwa ajili ya jubilei, ikaitwa kwa jina hilo, ikapita katika mikono mingi, na mwaka 2009 ikafunguliwa upya baada ya kukarabatiwa na Shirika la Aga Khan la Utamaduni. Jioni wapishi wanapanga meza zao pale, na kwenye chuma kimoja baada ya kingine unaiona mantabali yetu ile ile, unga mwembamba, nyama ya kusaga, yai, kitunguu, siku hizi na jibini la kopo pia. Inauzwa kwa jina la "pizza ya Zanzibar". Haina uhusiano wowote na Napoli. Muuzaji aliona mgeni hajui mantabali ni nini na hana muda wa kufundishwa, akampa jina analolijua. Naona huo ni ufasiri wa hali ya juu kuliko mwingi ninaousoma vitabuni: chakula kimebaki, jina limevaa kanzu ya safari.

Mpwa wangu alikuwa na tatizo la kinyume chake. Yeye jina alikuwa nalo, chakula ndicho kilichomkatalia.

Siku kumi zilipita. Mama akauza jozi ya kanga aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya harusi ya jirani, akampa pesa, akasema ni mkopo na si zawadi, tena atazitaka. Safari hii walikwenda bucha pamoja. Mwenye bucha, mtu mzima aliyezoea kusikiliza matatizo ya watu, aliposikia kisa cha mafuta alicheka akamwambia: "Bibi, mafuta unayatafuta wapi na nundu hili hapa?" Nundu kwa kawaida lina watu wake, wanalijia mapema. Akawakatia kipande, wakasaga nundu na nyama pamoja, sehemu moja kwa sehemu nne, kwa kukisia. Nyumbani binti akaigusa nyama kidogo sana, akaitengeneza bapa, akabonyeza kidole katikati ili isivimbe, chumvi juu, kwenye chuma kilichopata moto hasa.

Zilishikana. Zilikuwa nzuri, mie nilikula mbili. Mama akatafuna polepole, akasema: "Inanuka ng'ombe."

Mmarekani angelipokea neno hilo kama sifa. Kwetu ni hukumu. Jiko la pwani limejengwa juu ya kuiondoa harufu ya nyama: ndimu, tangawizi, thomu, bizari, ndipo mtu aseme imepikwa. Baga imejengwa juu ya kuiacha harufu hiyo isemeshe. Hapo sasa hapakuwa na suala la mafuta wala la chumvi. Palikuwa na dini mbili za ladha, kila moja ina hoja yake, na katikati msichana mwenye deni la kanga mbili.

Niliwaza sana juu ya Salme siku ile. Rudolph alikufa Agosti 1870 baada ya kuanguka kwenye tramu ya farasi, akamwacha mgeni na watoto watatu wadogo katika mji ambao lugha yake alikuwa bado anajifunza. Barua alizoziandika juu ya maisha ya Ujerumani, zilizochapwa miaka mingi baada ya kufa kwake, zina upweke mwingi ndani yake. Katika kumbukumbu za 1886, kinyume chake, Unguja ya utotoni imejaa watu, kelele na chakula: ua wa Beit al-Sahel, wanyama wanachinjwa na kuchunwa hapo hapo, mizigo ya matunda inaingia. Wachambuzi wamelisoma hilo kama njozi ya binti wa kifalme, na kweli mtu asisahau kuwa mizigo ile ilibebwa na watumwa. Lakini mie nalisoma pia kama maandishi ya mtu aliyekuwa anakula, siku baada ya siku, chakula kisichonukia kama kinavyotakiwa kunukia, na hana mtu mezani wa kumwambia. Alifariki Jena mwaka 1924, akazikwa Hamburg, makaburi ya Ohlsdorf.

Mpwa wangu aliye na mtu wa kumwambia alilazimika kumsikiliza, tena kila siku. Walikubaliana hivi, baada ya mabishano ambayo sitayaandika yote. Nyama inabaki nyama na nundu, bila ya boflo, bila ya yai. Hilo ni la mjukuu. Lakini kabla ya kusagwa, kipande kinapakwa thomu na tangawizi na kuachwa kidogo, na hilo ni la bibi. Papai limepigwa marufuku na pande zote mbili. Badala ya ile sosi nyekundu ya chupa inatiwa chatne ya ukwaju na pilipili. Skonzi zinachukuliwa kwa mwoka mikate wa mtaani, ambaye mwanzoni alizitia sukari mno, akaombwa apunguze, akapunguza nusu ya alichoombwa.

Anauza baada ya magharibi. Watoto wa mtaa, ambao hawana habari ya Hamburg wala Wichita, hawajaliita jambo lile baga hata siku moja. Wanakuja na sarafu zao wanasema, "Dada, nipe kababu ya nje." Niliwauliza kwa nini ya nje, nikidhani wanamaanisha ng'ambo. Wakanishangaa. Mmoja akanionesha kwa kidole: mkate wake si uko nje.

Za kanga alizirudisha mwezi wa nne. Mama akazihesabu mbili.